Mikrobi za Ziwa Kivu zinajulikana Frankfurt kuliko Bukavu: daftari letu liko wapi?

Ukiuliza mkaaji wa Goma, Bukavu ao Idjwi ni vitu gani duniani vinavyobeba jina la Kivu, atakutajia ziwa, atakutajia majimbo mawili, labda na kahawa. Hatakutajia Thermoanaerobacter kivui. Hiyo ni bakteria. Ilitolewa katika matope ya chini ya Ziwa Kivu, na mwaka wa 1981 watafiti watatu, John Leigh, Frank Mayer na Ralph Wolfe, waliieleza kwa mara ya kwanza katika jarida la sayansi. Neno "kivui" ni Kilatini na maana yake ni "ya Kivu".

Leo bakteria hiyo inahifadhiwa katika chupa ndogo huko Braunschweig, Ujerumani, kwa namba DSM 2030, na huko Marekani kwa namba ATCC 33488. Mtafiti wa Ulaya ao wa Asia anaweza kuiagiza na kuipokea laboratwari kwake. Katika Chuo Kikuu cha Frankfurt imefanyiwa kazi kwa miaka mingi. Hapa kwetu, mwanafunzi anaweza kuingia fakulte ya biolojia, akatoka na diploma yake, bila kuambiwa hata siku moja kwamba iko.

Maoni yangu ni haya: kutambua bakteria za udongo na za maji yetu, kuzipanga na kuzipa majina, si mchezo wa watu waliokosa kazi. Ni kuandika mali ya inchi katika daftari. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tunapigana juu ya koltani na dhahabu zinazotoka usiku, lakini kuna mali nyingine inayotoka mchana, katika chupa ya mililita hamsini, na hakuna anayehesabu.

Bakteria inapewa jina namna gani?

Tuanze na kazi yenyewe, sababu wengi wanafikiri mtu anaangalia tu katika mikroskopi na kusema "hii ni mpya". Bakteria nyingi zinafanana kwa macho: vijiti ao vidonge vidogo. Kwa hiyo mtafiti anachukua maji ao udongo, anaandika pahali, kina, joto na siku. Kisha anatafuta namna ya kutenga aina moja peke yake katika chakula inachopenda, joto inalotaka, pamoja na hewa ao bila hewa. Hapo ndipo wengi wanashindwa, maana bakteria nyingi za mazingira hazikubali kukua nje ya kwao.

Ikikua, anaanza kuilinganisha na ndugu zake. Inakula nini? Inatoa nini? Inavumilia chumvi gani? Kisha anasoma ADN yake. Kwanza jeni moja inayoitwa 16S, ambayo kila bakteria inayo na ambayo inabadilika polepole sana, kama alama ya ukoo. Kisha jenomi nzima. Kwa kawaida, jenomi mbili zikifanana chini ya asilimia 95 hivi, zinahesabiwa kuwa aina mbili tofauti. Mwisho anachagua jina la sehemu mbili, sawa na sisi Wacongomani wenye jina na postnom: la kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Jina lazima liwe na umbo la Kilatini, lakini linaweza kutoka katika lugha yoyote, mlima wowote, kijiji chochote.

Sheria ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi. Tangu mwaka wa 2001, kanuni ya kimataifa ya majina ya bakteria inataka mfano hai wa aina mpya uwekwe katika hifadhi mbili za wazi, katika inchi mbili tofauti. Bila hiyo jina halikubaliwi. Ulaya na Marekani hifadhi hizo zimejaa. Mtafiti anayetoka ziwani kwetu na sampuli, atapeleka wapi? Mtapata jibu wenyewe.

Majina pia yanabadilika. Bakteria yetu ilianza kwa kuitwa Acetogenium kivui. Mwaka wa 1994, wakati ADN yake ililinganishwa na ya wengine, ilionekana kwamba ni wa ukoo wa Thermoanaerobacter, na jina likabadilishwa. Hatushangai. Sisi ni watoto wa inchi ambamo Costermansville iligeuka Bukavu na Léopoldville ikageuka Kinshasa. Lakini angalieni: jina la ukoo lilibadilika, "kivui" ilibaki. Kanuni inalinda jina la kwanza la aina. Ukishaandika jina la pahali pako, wajukuu wako watalikuta.

Inafanya nini hiyo kivui?

Inapenda joto, digri 66 hivi, mbali na hewa ya oksijeni. Inachukua hidrojeni na gesi ya kaboni, ile gesi tunayotoa tunapopumua, na inazigeuza kuwa asidi ya asetiki, yaani ile inayotia ukali katika siki. Watafiti wa Frankfurt wameonyesha kwamba inaweza pia kufunga hidrojeni ndani ya asidi nyingine inayoitwa fomiki, ambayo ni maji na ni rahisi kuhifadhi. Wakati dunia inatafuta namna ya kuweka akiba hidrojeni na kupunguza gesi ya kaboni, mikrobi iliyotoka kwenye matope ya ziwa letu imo katika maongezi hayo. Sisi hatumo.

Na si peke yake. Kaskazini-magharibi mwa ziwa, upande wa Congo, kuna ghuba ya Kabuno. Wavuvi wa Minova na watu wa Sake wanaijua. Maji yake yamejaa chuma, na ukishuka mita kumi hivi tu, oksijeni inakwisha. Hapo watafiti walikuta bakteria inayokula chuma kwa kutumia mwanga wa jua, na mwaka wa 2015 wakaitangaza kazi hiyo. Bakteria ile wameiita Chlorobium phaeoferrooxidans, na mfano wake unaitwa KB01, sababu ya Kabuno. Kwa nini walifurahi hivyo? Sababu maji yale yanafanana na bahari za zamani, zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita, wakati dunia haikuwa bado na oksijeni ya kupumua. Mtu akitaka kujua namna mawe ya chuma ya dunia yalivyofanyika, Kabuno ni kama dirisha. Watalii wanalipa mamia ya dolari kuona sokwe wa Virunga. Kabuno tunaipita kwa mtumbwi bila kugeuza kichwa.

Ninajua kuna faida ya kujulikana. Hapa Goma tuna neno "mazuku", ile gesi mbaya inayolala katika mashimo na kuua mbuzi, na mara nyingine watoto. Leo wataalamu wa volkano dunia nzima wanaandika mazuku katika vitabu vyao kama neno la kazi. Neno letu liliingia katika sayansi sababu mtu alikubali kusikiliza wenyeji. Kwa mazuku tunajua neno, tunajua pahali, tunajua hatari. Kwa kivui na KB01 hatuna hata kimoja. Hiyo ndiyo tofauti ninayoipigia kelele.

Mambo ya wengine yatufundishe

Kuna atakayeniambia: bakteria moja ya matope itatuletea nini? Nitajibu kwa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa Marekani. Mwaka wa 1969 Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walitangaza bakteria waliyoikuta katika maji ya moto ya mbuga ya Yellowstone. Wakaiita Thermus aquaticus. Walifanya kazi ya kuainisha tu, bila kuwaza pesa. Baadaye kimeng'enya chake kinachovumilia joto kikawa moyo wa PCR, njia ya kuzidisha ADN ambayo laboratwari zote zinatumia. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, kila mgonjwa aliyesubiri majibu alisubiri PCR. Mwaka wa 1991 haki za PCR ziliuzwa kwa kampuni ya Hoffmann-La Roche kwa dolari milioni 300. Mbuga ya Yellowstone haikupata kitu. Na hiyo ni Marekani, inchi yenye nguvu, mahakama na waandishi. Kama wao waliachwa nje ya mlango wao wenyewe, sisi tutakuwa wapi?

Wa pili unajulikana katika kila kijiji chetu chenye upofu wa mtoni. Vidonge vya Mectizan, ambavyo watu wanapimiwa kwa urefu wa mwili na kumeza bure, vinatokana na bakteria ya udongo, Streptomyces avermitilis. Profesa Satoshi Ōmura aliipata Japani, katika udongo wa karibu na uwanja wa gofu, huko Itō. Mwaka wa 2015 alipata tuzo ya Nobel pamoja na William Campbell. Ōmura hakuokota udongo mara moja akapata bahati. Alikuwa na timu inayokusanya, inatenga, inaandika na inahifadhi aina moja baada ya nyingine, mwaka baada ya mwaka. Kama asingekuwa na daftari, bakteria ile ingepita mikononi mwake kama mavumbi.

Si dawa tu. Angalieni shamba. Maharagi na soya vinapata mbolea yao kutoka kwa bakteria zinazoishi katika mizizi. Tangu 2009 mradi wa N2Africa ulifanya kazi na wakulima wa Kivu Kusini juu ya jambo hilo. Bakteria moja inayosifiwa sana duniani kwa soya inaitwa USDA 110. Ilitolewa kwenye mizizi ya soya huko Florida mwaka wa 1957. Kwa miaka mingi iliitwa Bradyrhizobium japonicum, hadi mwaka wa 2013 watafiti walipoonyesha kwamba ni aina nyingine, wakaiita Bradyrhizobium diazoefficiens. Swali langu ni jepesi: katika udongo wa Walungu, Kabare na Masisi, ni aina gani zinazolisha maharagi yetu toka enzi za mababu? Mama anayelima kwenye kilima kilichochoka, asiyeweza kununua mbolea ya duka, ndiye wa kwanza kufaidika na jibu. Lakini jibu halitapatikana Florida.

Kolera na gesi: hapa si anasa tena

Wengine watasema mambo haya ni ya inchi zenye amani. Vita inatuchosha, watu wako katika kambi, benki zimefungwa, kiwanja cha ndege cha Goma kimefungwa, na wewe unaleta habari ya bakteria? Ninaelewa hasira hiyo, maana ninaishi ndani yake kila siku. Lakini ni vita yenyewe inayotufundisha kinyume.

Mwezi wa 7 mwaka wa 1994, karibu watu elfu hamsini walikufa hapa Goma na pembeni yake katika mwezi mmoja tu, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Kolera inaletwa na Vibrio cholerae, ambayo ni bakteria ya mazingira: inaishi majini hata wakati hakuna mgonjwa. Ndani ya aina hiyo moja kuna makundi mengi, lakini milipuko mikubwa inaletwa na mawili tu, O1 na O139. Na kuna vibrio wengine majini wanaofanana nao. Kwa hiyo kusema "tumekuta vibrio katika maji ya ziwa" haitoshi. Lazima ujue ni yupi. Tena lazima ujue anavumilia dawa gani: mwaka ule wa 1994 dawa zilizozoeleka kama doksisiklini hazikumweza. Uvira, Fizi, Kalemie, Minova na Goma wanajua kolera kama mtu anavyojua jirani mbaya. Kutambua bakteria kwa haraka, hapa hapa, ni kati ya mtoto kupona na mtoto kuzikwa.

Jambo la pili ni gesi. Ziwa Kivu linabeba kilometa za ujazo 60 hivi za metani, na 300 hivi za gesi ya kaboni. Upande wa Rwanda, kiwanda cha KivuWatt kinatoa megawati 26 za umeme. Upande wetu, mwaka wa 2022 serikali iliweka kwenye mnada vipande vitatu vya gesi: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Watu wanabishana juu ya kampuni na asilimia. Ni nani anayeuliza metani inatoka wapi? Inatengenezwa kwa sehemu kubwa na viumbe vidogo vinavyoitwa arkea. Zamani viliwekwa pamoja na bakteria, hadi mwaka wa 1977 Carl Woese na George Fox walipoonyesha kwamba ni kundi la peke yake. Na viumbe vya metani walivyotumia vilikuzwa kwa ujuzi wa Ralph Wolfe, huyu huyu aliyetia mkono katika kuipa jina kivui yetu.

Juu ya arkea hao, karibu na mpaka wa oksijeni, kuna bakteria wengine wanaokula metani kabla haijafika hewani. Ndiyo sababu ziwa lenye gesi nyingi hivyo linatoa metani kidogo sana juu yake. Ni kiwanda kimoja chenye wafanyakazi wa chini na wa juu. Sasa tunataka kunyonya gesi na kurudisha maji ndani ya ziwa. Mwenye busara anaandika kwanza orodha ya wafanyakazi, ili kesho, kitu kikibadilika, ajue ni nani aliyeondoka. Mkataba wa gesi usiokuwa na orodha hiyo ni kama kununua nyumba bila kuhesabu vyumba.

Hatari mpya: jina bila chupa

Hadi juzi, mtafiti alilazimika kukuza bakteria ili aipe jina linalokubaliwa. Mwaka wa 2022 wataalamu walianzisha kanuni nyingine, SeqCode, inayokubali jina litokane na jenomi peke yake. Kwa sayansi ni jambo zuri, maana bakteria zilizo na majina rasmi ni makumi ya maelfu tu, na zisizo na majina ni nyingi mno kuliko hizo, na wengi wao hawakubali kukuzwa. Lakini kwetu lina pande mbili kama panga.

Upande mmoja: kijana wa Bukavu mwenye mashine ndogo ya kusoma ADN, kompyuta na intaneti anaweza kutambua aina mpya bila laboratwari ya mamilioni. Upande mwingine: mgeni hahitaji tena kubeba kiumbe hai. Anabeba herufi. ADN ikishasomwa inawekwa kwenye kompyuta, na kampuni ya mbali inaweza kuitumia bila kukanyaga mwambao wa Kivu, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Dunia imeanza kuona tatizo hilo. Protokole ya Nagoya, ambayo inchi yetu imo ndani yake, inataka faida zigawanywe na inchi iliyotoa kiumbe. Katika mkutano wa COP16 huko Cali, Colombia, mwaka wa 2024, inchi zilikubaliana kuanzisha Mfuko wa Cali kwa ajili ya ADN iliyo kwenye kompyuta, na mfuko huo ulifunguliwa Februari 2025. Kampuni kubwa zinazofaidika zinaombwa zichangie asilimia moja ya faida yao, ao sehemu moja ya elfu ya mapato yao, na angalau nusu ya mfuko iende kwa wenyeji na jamii za pahali. Ni maneno mazuri. Lakini fundi hadai mshahara wa kazi isiyoandikwa. Asiyejua alicho nacho, atadai nini?

Mwaka wa 1976, Profesa Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku, akachukua damu ya wagonjwa kwa mikono yake, na damu ilipelekwa Ulaya. Virusi ikapata jina la mto wetu, Ebola, na kwa miaka mingi habari ilisimuliwa karibu kana kwamba yeye hakuwepo. Leo dunia inamtambua, na laboratwari ya INRB iko Kinshasa na iko Goma. Ni ushahidi kwamba mambo yanaweza kugeuka, ikiwa mtu anabaki, anajenga na anafundisha wengine.

Tufanye nini?

Siwashutumu watafiti wa nje. Bila wao kivui isingekuwa na jina. Wala sisemi tufunge ziwa kwa kufuli, sababu kanuni yenyewe inataka mfano wa aina mpya uwe wazi kwa wote, na inchi inayofunga kila kitu inajinyima hata majina. Ninachosema ni kwamba ile hifadhi ya pili, katika zile mbili zinazotakiwa, iwe kwetu. Mambo manne yanatosha kuanza.

La kwanza: kila ruhusa ya kuchukua maji, matope ao udongo iwe na sharti kwamba nusu ya sampuli inabaki hapa, pamoja na nakala ya ADN iliyosomwa na jina la mtafiti wa hapa katika kazi itakayotangazwa. Sharti hilo halihitaji pesa. Linahitaji mtu wa ofisi anayesoma karatasi kabla ya kupiga muhuri.

La pili: tuwe na hifadhi moja ya bakteria huku Mashariki. Hatuanzi na sifuri. Lwiro ina kituo cha utafiti tangu mwaka wa 1947. Uvira ina kituo cha utafiti wa maji. Bukavu, Goma na Kisangani zina vyuo vikuu. Mtu ataniambia juu ya umeme unaokatika, na ana haki. Lakini bakteria nyingi zinaweza kukaushwa kwa baridi na kufungwa katika chupa za kioo, zikakaa miaka mingi bila frigo kali. Kazi ya kukausha ni ya siku chache, na jenereta inaweza kuibeba. Na sababu ya vita, kila chupa iwe na pacha wake katika hifadhi ya inchi nyingine, kwa mkataba unaosema wazi mwenyewe ni nani.

La tatu: maprofesa wawape wanafunzi kazi hii kama memware. Badala ya kunakili kila mwaka kichwa kile kile juu ya "usafi wa maji katika komini fulani", mwanafunzi mmoja atenge bakteria za mizizi ya maharagi ya Kabare, mwingine za maji ya moto, mwingine za Kabuno. Miaka kumi ya memware kama hizo ni hifadhi nzima.

La nne: wabunge wetu wa Kivu waombe kipengele kimoja katika kila mkataba wa gesi: orodha ya mikrobi kabla ya kuchimba, na orodha nyingine kila baada ya miaka kadhaa, ziwekwe wazi kwa wakaaji. Ziwa ni la wavuvi wa sambaza kabla ya kuwa la kampuni.

Najua kuna wasomaji watakaosema serikali haitasikia, na wengine watauliza ni serikali ipi, maana leo hii hata jibu hilo ni zito. Ndiyo maana jambo la tatu halingoji waziri wala jenerali. Linangoja mwalimu mmoja, wanafunzi watano na makubaliano na laboratwari yenye vifaa. Vyuo vyetu vimepita vita nyingine na vikaendelea kutoa diploma. Viendelee pia kutoa majina.

Kivui iliandikwa miaka zaidi ya arobaini iliyopita, na jina hilo halitafutika. Aina inayofuata iko tayari majini ao udongoni, labda chini ya shamba la mihogo la mtu anayesoma maneno haya. Itatambuliwa tu, sababu dunia haiachi kutafuta. Kilichobaki ni kujua kama mkono utakaoandika jina lake utakuwa wa mtoto wa hapa, na kama chupa yake tutaikuta Lwiro ao tutaiagiza Braunschweig kwa kulipa.